Naomba ushauri: nianzie wapi bustani ya nyumbani? Sukuma yangu ya kwanza imeungua

Nalongo wa Walukuba
Habari zenu ndugu. Nimepanga nyumba Walukuba, Jinja. Nyuma kuna uwanja wa saruji, hatua nne kwa tatu, wenye kamba ya kuanikia nguo. Udongo hakuna kabisa. Kila siku natoa pesa ya mboga kwa watu saba, na pacha wangu ndio kwanza wanaanza kula. Nataka wale mboga ninayojua ilikotoka.

Mwezi uliopita nilinunua miche 20 ya sukuma. Nikajaza magunia mawili udongo niliochimba kando ya mfereji, nikachanganya na kinyesi cha kuku kutoka kwa jirani, bado kibichi. Siku ya nne majani yalikauka kingoni kama yamepitishwa kwenye makaa. Leo imebaki mitatu, yote ya juu ya gunia; ya ubavuni imekufa. Imeniuma sana. Watu wananitajia magunia, mabeseni, matairi, ndoo za kuning'iniza. Mvua za Machi zinakaribia. Nishike lipi?

Ssalongo K.
Pole sana Nalongo. Miche yako iliunguzwa na kinyesi kibichi. Kile kina moto. Kiache kioze miezi miwili au mitatu, kimefunikwa, mpaka kiwe cheusi na harufu ya ukali iishe. Na udongo wa mferejini umwage, mama. Unabeba mafuta na uchafu wa mtaa mzima, na hao ni watoto wanaokula.

Ile mitatu ya juu kupona inaonyesha kosa la pili: maji hayakufika chini. Ukijaza gunia, chukua kopo kubwa la rangi lililotolewa kifuniko na kitako, lisimamishe katikati, lijaze kokoto. Zungushia udongo, mafungu mawili kwa fungu moja la samadi iliyooza. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute juu, kokoto zibaki, ujaze tena. Hivyo hivyo mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe katikati ya gunia. Maji unayamwaga hapo, polepole, yanashuka na kusambaa pembeni. Liache siku tatu likae, ndipo utoboe ubavuni matundu ya kupandia miche, kwa kupishana, shubiri moja kati ya tundu na tundu.

Haya niliyaona kwenye kituo cha kilimo cha jiji la Kampala kule Kyanja. Ukipata nauli nenda ukaone kwa macho, inasaidia kuliko maneno yangu.

Kijana wa Arua
Dada, mimi ningeanza na nyanya kwenye ndoo. Ndizo zinazomaliza pesa jikoni.

Mama Zaituni, Kasese
Mwanangu wa Arua, ndoo sawa, lakini si nyanya za kuanzia, na si kwenye mvua. Majani yakilowa kila siku ukungu unaingia, wiki moja shina zima jeusi. Nalongo tayari ameumia mara moja, sitaki aumie tena.

Mwanangu Nalongo, anza na doodo, yaani mchicha. Mwaga mbegu kwenye beseni lililotobolewa chini, fukia kidogo tu, na baada ya wiki tatu au nne unachuma. Ukiona kitu kimeota kwa mkono wako moyo unatulia. Sukuma iende kwenye gunia. Ukiichuma anza na majani ya chini, kile kichwa usikiguse, itakulisha miezi mingi. Nakati nayo, ile mboga ya majani, ukikata shina uache kisiki kidogo, inachipua tena.

Ila nakati, ntula (nyanya chungu), bilinganya na nyanya ni ukoo mmoja. Usizifuatanishe kwenye udongo ule ule, ugonjwa wa kunyauka hubaki humo ukingoja ndugu. Mimi nilipoteza nyanya zote hivyo, zikilala mchana mbichi kabisa, bila doa hata moja.

Matairi achana nayo. Vidukari vikija, ponda pilipili kali, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni chini ya majani.

Ssalongo K.
Mama Zaituni amesema kweli, nami nakati yangu naikata hivyo hivyo. Nalongo, uwanja unapata jua saa ngapi?

Nalongo wa Walukuba
Asanteni sana, Mungu awabariki. Jua linaingia saa tatu asubuhi mpaka saa nane, kisha ukuta wa jirani unaziba.

Ssalongo K.
Hiyo inatosha mboga za majani. Weka magunia upande unaopata jua la asubuhi, na uyaweke juu ya matofali maji yapate kutoka. Maganda ya matoke usiyatupe, yakate vipande uyaozeshe.

Nalongo wa Walukuba
Kopo la rangi nimeshapata kwa fundi wa jirani. Kesho nafuata kokoto. Mama Zaituni, doodo nyekundu nayo inakubali beseni?

Mama Zaituni, Kasese
Inakubali, mwanangu. Changanya mbegu na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, zisirundikane.