Je, sarafu za shaba za Northumbria zilikuwa dalili ya umaskini?

Mwalimu wa historia, Mbeya:
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Katika Northumbria, ufalme wa Waanglo-Saksoni wa kaskazini mwa Uingereza, mfalme Eadberht (737–758) alitoa sarafu ndogo za fedha nzuri. Kufikia enzi ya Eanred, katika miaka ya 830, sarafu hizo, ambazo leo huitwa styca, zilikuwa karibu shaba tupu, ilhali falme za kusini ziliendelea na peni pana ya fedha iliyoenezwa na Offa wa Mercia. Je, nikiwafundisha wanafunzi kwamba huo ulikuwa umaskini, nitakuwa nimesema kweli?

Mkusanyaji wa sarafu, Iringa:
Shikamoo Mwalimu. Ningekuomba usifanye haraka. Mama anayeuza mafungu ya nyanya pale Mwanjelwa akipewa noti ya shilingi elfu kumi asubuhi, kabla hajapata chenji, biashara husimama; na peni ya fedha nayo ilikuwa kubwa mno kwa manunuzi madogo. Styca ilikuwa na uzito wa gramu moja hivi, na ilifuliwa kwa wingi wa kustaajabisha: mwaka 1832, watu waliokuwa wakichimba kaburi huko Hexham walikuta ndoo ya shaba yenye sarafu zipatazo 8,000. Kinachonigusa zaidi ni maandishi yake, kwa kuwa upande mmoja una jina la mfalme na wa pili jina la mfua sarafu, kama vile Monne au Leofthegn, hivyo fundi alibeba dhamana kwa jina lake. Hata Wigmund, askofu mkuu wa York, alitoa zake.

Mchangiaji, Njombe:
Hoja ya chenji naikubali, lakini uhaba wa fedha tusiufiche. Wajerumani walipozingirwa mwaka 1916 walifua heller, sarafu ndogo za koloni lao, za shaba kule Tabora, kwa sababu meli hazikufika. Northumbria nayo, katikati ya karne ya 9, ilijaa sarafu za kuiga zenye herufi zilizovurugika, jambo linaloonyesha kwamba usimamizi ulikuwa umelegea hata kabla Waviking hawajaiteka York mwaka 866.

Mwalimu wa historia, Mbeya:
Marahaba, nawashukuru nyote. Neno «umaskini» nimelifuta. Somo litaanza na chenji ya Mwanjelwa, kisha zifuate zile herufi zilizovurugika.