Tupeane uzoefu: nguo ya ndani ya mtoto anayecheza hoki ya barafuni

Mama Maweni, Malindi

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mtu wa Malindi kuuliza habari za barafu ni jambo geni, lakini wenyewe mwajua hapa kwetu ni nyumba ngapi zina mtoto Italia. Mwanangu ana miaka 13, yuko Bolzano kwa dadangu, na tangu afike kule hana habari ya mpira wa miguu tena. Ni hoki asubuhi, hoki jioni.

Alipoanza, begi nilimfungia mimi. Nilinunua fulana tatu za pamba nzito, suruali ya sweta na soksi nene. Akili yangu yote ilikuwa kwenye baridi. Barafu ya uwanjani hukaa karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, nami nikajiambia mtoto aliyelelewa na jua la Malindi ataganda. Wiki ya pili dadangu akanitumia picha ya mgongo wake: harara tangu mabegani hadi kiunoni, na mapajani ngozi imechubuka imekuwa nyekundu. Pamba ilikuwa ikinywa jasho na kukaa nalo. Akitoka uwanjani kungoja zamu yake benchi, ile fulana inakuwa kama kitambaa kilichotolewa majini, kimemganda mgongoni.

Hilo la harara lilipona. Lililoninyima usingizi ni habari za Adam Johnson, yule Mmarekani aliyekatwa shingo na chuma cha kiatu cha mpinzani wake uwanjani Sheffield, Uingereza, tarehe 28 Oktoba 2023, akafa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi nilikuwa nakimbizana na baridi, na baridi siyo inayoua mle ndani.

Sasa jirani yangu anamtayarisha wake kwenda hukohuko, na jana nimeliona begi. Masweta matupu. Tafadhalini, kila aliyepitia aandike: ulinunua nini, kilifaa au hakikufaa, na kiliharibikaje.

Mwana wa Langoni

Wa aleikum salaam dada. Mimi ni mtu wa Lamu, mwaka wa tisa huu niko Ontario, na kila Jumamosi nawasaidia kuwavisha watoto kwenye chumba cha timu ya mtaani kwetu. Nitaandika kirefu, mniwie radhi.

Nguo ya ndani ndiyo ya kwanza mwilini. Juu yake huja kinga ya sehemu za siri, pedi za miguu, kaptula nene, pedi za mabega na viwiko, jezi, glavu. Mtoto akishavaa vyote hivyo na kukimbia sekunde arobaini kwa nguvu zake zote, anachemka. Kwa hiyo kitambaa kiwe chepesi, cha polista au nailoni yenye kunyumbuka, kinachoutoa unyevu kwenye ngozi na kukauka upesi. Kikae mwilini bila mikunjo, maana kila mkunjo chini ya pedi ni kidonda cha kesho. Na mishono iwe bapa. Pitisha kidole kwa ndani. Ukiusikia mshono umenyanyuka kama kamba, urudishe dukani.

Sasa chuma. Pedi zimeuziba mwili karibu wote, ila pana mianya. Hesabu mitatu: shingo, kifundo cha mkono kati ya glavu na pedi ya kiwiko, na nyuma ya mguu juu ya kisigino. Dada ameshaitaja shingo. Kifundo cha mkono muulizeni Evander Kane, aliyepitiwa na chuma Novemba 2022 pale Tampa akakimbizwa hospitali. Kano ya kisigino muulizeni Erik Karlsson, aliyekatwa Februari 2013, naye alikuwa katika kilele cha mchezo wake. Hawa ni watu wanaolipwa mamilioni, wenye matabibu pembeni.

Yangu mimi ilikuwa ya kifundo cha mkono. Mwanangu wa kiume, wakati ule ana miaka 11, alianguka kifudifudi mkono mmoja umenyooka mbele, na mwenzake akapita juu yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo cha uwanja, nikauona mguu ukipita. Nikateremka mbio. Kocha alipomvua glavu tukakuta mstari mweupe kwenye mkono wa fulana, nyuzi zimechakaa pale kama mtu aliyekwangua kwa kisu butu, urefu wa kidole changu. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu tu. Haikufunguka. Ile fulana ina kitambaa cha kuzuia kukatwa kuanzia katikati ya kigasha hadi kifundo, na mpaka leo naiweka kabatini, siivishi mtu.

Lakini wiki mbili kabla ya hapo alikuwa anavaa nyingine, kubwa, niliyoinunua kwa ile hesabu yetu ya "atavaa mpaka akue". Mkono wake ulikuwa mpana, ukipanda kila akinyoosha. Angeanguka nayo ile, kitambaa chote kingekuwa kiwikoni. Ndiyo maana sasa kila mtoto nampima hivi: avae glavu na pedi ya kiwiko, anyooshe mikono juu kama anayetaka kushika boriti, kisha achutame. Ngozi ikionekana popote, nguo hiyo si yake.

Jambo la mwisho. Huku Kanada watoto hawaingii barafuni bila kinga ya shingo iliyothibitishwa, na alama yake ni herufi BNQ. Kuna fulana zenye ukosi mrefu uliounganishwa, nazo ni nzuri, lakini kama ukosi hauna alama hiyo mwamuzi hautambui na mtoto atavaa kinga nyingine juu yake. Jirani yako aulize klabu ya Bolzano kwanza inakubali ipi, ndipo atoe pesa.

Nahodha wa Shela

Mimi hoki siijui, lakini hicho kitambaa nakijua. Kuna nyuzi iitwayo Dyneema, na wageni wanaoleta mashua zao za tanga huku Lamu kamba zao nyingi ni hizo. Nyeupe, nyepesi, inaelea, na ukiishika inateleza kama imepakwa mafuta. Mara ya kwanza kuikata nilitumia kisu changu cha samaki, nilichokuwa nimetoka kukinoa asubuhi ile. Kikawa kinateleza juu yake, kinarudi, kinateleza. Nikamaliza kwa msumeno wa chuma. Mwana wa Langoni anaposema fulana ilizuia chuma, kama imefumwa kwa nyuzi hiyo mimi naamini.

Lakini adui yake ni moto. Ncha ya kamba ile ukiisogezea kiberiti inayeyuka mara moja. Basi msiipige pasi nguo hiyo, wala msiiingize kwenye mashine ya kukausha kwa joto.

Kijana wa Msabaha

Nacheza Nairobi, pale uwanja wa barafu wa Panari, Barabara ya Mombasa. Ni mdogo ukilinganisha na viwanja vya nje, lakini ndipo walipotokea Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, waliokwenda Kanada mwaka 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby, yule nyota wa hoki wa Kanada.

Kosa langu ni la kununua kwa maneno. Niliagiza mtandaoni fulana iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haikatiki. Nikalipa, nikangoja mwezi. Ilipofika nikaikagua kwa vidole: kitambaa kizito kilikuwa kwenye ukosi peke yake. Mikono yote ilikuwa polista ya kawaida. Muuzaji nilipomuuliza akaniambia tangazo halikusema mikono, na kweli halikusema.

Tangu siku hiyo naangalia mambo mawili. Kwanza, kitambaa kimefika wapi. Kampuni ya maana huonyesha kwa mchoro. Pili, daraja. Kuna kipimo cha Kimarekani kutoka A1 hadi A9, kinachopima uzito unaohitajika kuukandamiza wembe mpaka upenye. A5 maana yake ni gramu 2,200 kwenda juu. NHL wenyewe, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, walipokubali kinga ya shingo iwe lazima kwa wachezaji wapya kuanzia msimu wa 2026–27, daraja walilolitaka ni hilo la A5. Nguo isiyotaja daraja lolote, mimi nairuka. Na hata ya A5, hakuna isiyokatika kabisa. Inakupa nafasi tu.

Muuguzi, Malindi

Nadandia hapohapo kwa kijana. Siku nguo ikishindwa, la kufanya ni moja: bana palipokatwa kwa mkono, kwa nguvu, usiachie kuchungulia, mpaka daktari akupokee. Mwaka 1989 Clint Malarchuk, kipa wa timu ya Buffalo ya Marekani, alikatwa mshipa mkubwa wa shingo mbele ya kamera. Aliyemwokoa ni mhudumu wa timu, Jim Pizzutelli, aliyewahi kuwa tabibu wa jeshi Vietnam. Aliuingia ule mshipa kwa vidole akaubana. Mfundisheni mtoto hilo kabla hajapanda ndege.

Na harara ile dada, ikiwa na duara lenye kingo, si harara, ni choa. Wanaambukizana kwenye vyumba vya kubadilishia. Nguo ya ndani ifuliwe kila baada ya mazoezi, isikae begini mpaka kesho.

Bi Robota

Nauza mitumba soko la Malindi. Katika marobota ya nguo za michezo hizi hutoka, nami nimeshazishika nyingi: suruali nyeusi za kubana, nyingine zina vipande vya velkro mapajani, na nilikuwa nazipunguzia bei nikidhani zina kasoro. Mteja mmoja ndiye aliyenieleza kwamba velkro hizo ni za kushikia soksi ndefu za hoki.

Kwa joto na jasho, mtumba unafaa sana na utaokoa pesa. Ivute, uiachie, ikirudi upesi bado nzima, ikilegea iache. Lakini ya kuzuia chuma sikuuzii, hata ukinibembeleza. Sijui imefuliwa kwa nini wala imeanikwa wapi miaka yote hiyo, na kwa macho haijulikani. Ya shingo nunua mpya.

Shangazi wa Mkomani

Mpwa wangu wa kike anacheza Toronto na hijabu yake. Tulikuwa tunadhani hijabu inatosha kuwa kinga ya shingo. Haitoshi, ni kitambaa cha kawaida. Anavaa hijabu ya michezo nyembamba ya kuingiza kichwani, bila pini hata moja, ncha zinaingia ndani ya fulana, na kinga ya shingo inakaa juu yake. Helmeti ilibidi aipime upya akiwa na hijabu kichwani.

Fundi wa Mkunguni

Niliwahi kuletewa fulana ya hivyo nipunguze mikono. Sindano namba 14 ilivunjika, mkasi ukawa unatafuna badala ya kukata. Nikaikunja nikamrudishia mwenyewe. Kipande kile kimefumwa pamoja, ukikikata nyuzi zinaanza kuchomoka na kinga yake inaisha. Ikiwa ndefu, badilisha nyingine. Msitupelekee mafundi.

Mama Maweni, Malindi

Nawashukuru kwa dhati. Mwana wa Langoni, nimeusoma mara tatu ule mstari mweupe.

Bi Robota, neno lako la kuanika limenigusa kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi. Mwanangu alikuja likizo Julai na fulana zake mbili zenye ukosi wa Kevlar, nyuzi nyingine ya kuzuia kukatwa. Zilikuwa zinanuka jasho la msimu mzima. Nikaziloweka kwenye dawa ya klorini ile ya kung'arishia kanzu, kisha nikazitundika kwenye kamba juu ya dari, na kwa kuwa ni wakati wa kusi zilikuwa zinapepea huko mchana kutwa, karibu wiki tano. Nilikuwa najivunia zinavyonukia. Alipokuwa anafunga begi akaniita nione: kwa ndani ya ukosi, ile rangi ya manjano ilikuwa imegeuka kahawia. Dadangu akaulizia klabuni akaambiwa nyuzi hiyo haipendi mambo mawili, jua na klorini, vyote viwili vinaila nguvu. Tukazitupa. Sikutaka hata azitumie mazoezini.

Mpya tulizinunua Bolzano. Nimemwandikia karatasi aibandike kwenye mlango wa kabati: maji ya baridi, sabuni kidogo, hakuna dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba kitambaa kisipitishe jasho, kuanika kivulini.

Jirani nimemwita jana baada ya magharibi. Tumetoa masweta yote isipokuwa moja la njiani. Suruali mbili za ndani amezipata kwa Bi Robota, velkro na vyote. Kinga ya shingo na fulana ya mikono hatununui hapa. Mtoto atapimwa hukohuko akiwa na glavu na pedi. Dadangu amekubali kwenda naye dukani, na nimemwambia anipigie kwa video wakati mtoto amenyoosha mikono juu, nivione vifundo vyake mwenyewe.