Tupeane uzoefu: gemu za kompyuta mnazinunua duka gani la mtandaoni?

Mwanzisha mada, Free Area, Nakuru

Wadau, hamjambo. Nimeumia na ninataka tuzungumze, maana najua siko peke yangu.

Mpwa wangu anasoma shule ya bweni huko Kakamega. Likizo ya Aprili alikuja kwangu, na nilikuwa nimemwahidi kwamba akijitahidi darasani nitamnunulia gemu moja ya kompyuta, aichague mwenyewe. Akachagua. Kwenye duka rasmi ilikuwa dola 40, yaani kama shilingi 5,200. Usiku nikapekuapekua, nikapata tovuti inayouza msimbo wa gemu hiyo hiyo kwa shilingi 1,900. Nikalipa. Msimbo ukaja kwa barua pepe, tukauingiza, gemu ikashuka, kijana akafurahi mpaka akakataa chai.

Wiki tatu baadaye, zikiwa zimebaki siku mbili arudi shule, nilimkuta ameketi mbele ya laptopu, mikono mapajani. Gemu ilikuwa imeondolewa kwenye akaunti. Akaniuliza, "Mjomba, ni mimi nimeiharibu?" Swali hilo linanisumbua hadi leo.

Muuzaji nimemwandikia mara nne, kimya. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba tovuti za aina ile ni soko tu. Anayekuuzia ni mtu usiyemjua, na misimbo mingine hununuliwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akilalamika kwa benki yake, anarudishiwa pesa, na kampuni ya gemu inafuta msimbo. Hasara inakuangukia wewe uliye mwisho wa mstari. Na hata msimbo halali unaweza kuwa umefungiwa nchi fulani, ukiuweka hapa Kenya unakataa.

Basi naomba kila mmoja aseme ananunua wapi, analipaje kutoka huku kwetu, na amewahi kukwama wapi. Msinitajie bei peke yake. Bei ndiyo iliyonipeleka kule.

Mdau wa Kondele, Kisumu

Omera, pole sana. Mimi ni mtu wa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, na kukwama kwangu kulikuwa kwenye malipo.

Kwanza ujue Steam haina bei ya shilingi. Mtu wa Afrika Kusini anaonyeshwa randi, sisi tunaonyeshwa dola. Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, gemu ya dola 60 ilikuwa inakaribia 9,600. Dola iliposhuka hadi 129 hivi, gemu ile ile ikawa 7,700 na ushee. Duka halikupunguza hata senti. Kwa hivyo siku hizi ninangoja ofa kubwa za mwisho wa Juni na za Desemba, na ninaangalia dola imesimama wapi.

Malipo ninafanya kwa M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa isiyoshikika iliyoanza 2022. Unaiwasha kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#, unapewa namba ya kadi, tarehe ya kuisha na CVV, ile namba fupi ya siri ya kadi. Hiyo CVV ina muda wake, ukichelewa inakufa. Mara ya kwanza niliiomba mapema, ndipo nikaanza kujaza anwani na jina la mji. Kufika mwisho, imekwisha. Sasa najaza kila kitu, CVV ninaiomba mwisho kabisa.

Jambo la pili: acha pesa za ziada kwenye simu. Gemu ilikuwa dola 9.99, nikapiga hesabu kwa bei ya dola ya gazetini, nikaweka 1,300. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nikajaribu ya tatu, na sasa duka lenyewe likanizuia kwa muda kwa sababu ya majaribio mengi. Kumbe ubadilishaji wa fedha unakatwa kwa bei ya juu kuliko ile ya gazetini. Kesho yake niliongeza shilingi 100, ikapita mara moja.

Mdau wa Kanduyi, Bungoma

Mulembe. Mimi nitasema kuhusu kurudishiwa pesa, kwa sababu ndicho kitu kilichoniweka pale nilipo.

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM ya GB 8, haina kadi ya picha ya maana. Nilinunua gemu moja ya vita, kwenye video ilikuwa inateleza kama mafuta. Kwangu ilikuwa inaganda kila nikigeuka. Nikacheza dakika 40 nikikazana kupunguza ubora wa picha, mpaka nyuso za watu zikawa kama udongo. Nikaomba pesa zirudi. Sheria ya Steam tangu 2015 ni kwamba uombe ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa mbili. Wakaniuliza zirudi nilikolipia au kwenye pochi ya Steam. Nikachagua pochi, kwa sababu nilijua nitanunua nyingine tu.

Lakini sikilizeni hapa. Dada yangu naye alinunua yake, akaifungua, akaitwa jikoni kusonga ugali, akaiacha kwenye ukurasa wa mwanzo. Wageni wakaja. Aliporudi, hesabu ilikuwa inaonyesha saa mbili na dakika 20, na hakuwa amecheza hata raundi moja. Ombi lake likakataliwa. Muda unahesabiwa kuanzia gemu inapofunguliwa, uwe umekaa pale au hupo. Ukiitwa, ifunge kabisa.

Mdau wa Busia

Mimi sielewi haya yote. Pale mjini kuna duka la muvi, unapeleka flashi, unawekewa gemu kwa shilingi 100. Dola za nini?

Mwanzisha mada, Free Area, Nakuru

Ndugu yangu wa Busia, nilipita njia hiyo miaka mingi na sikuhukumu. Lakini gemu ya namna ile inakuja na maelekezo ya kuzima kinga ya virusi kwanza. Laptopu ile ile ndiyo ninayofungulia barua pepe na benki. Siwezi tena. Na mtu aliyekesha akiitengeneza hapati hata ndururu. Stardew Valley, kwa mfano, ilitengenezwa na mtu mmoja tu kwa zaidi ya miaka minne kabla haijatoka 2016. Inauzwa dola 14.99, na wakati wa ofa inashuka zaidi. Huyo nitamlipa.

Mdau wa Maseno

Mimi ni mwanafunzi na ninakaa nje ya chuo. Intaneti ya ploti yetu inakuja na kuondoka kama mvua ya Kisumu. Ndiyo sababu nilihamia GOG, duka jingine la mtandaoni, na ninaomba mnivumilie, hili ninalipenda.

GOG ilianza 2008 chini ya CD Projekt ya Poland, ambao ndugu zao ndio waliotengeneza gemu za The Witcher. Tofauti yake na wengine ni hii: gemu zao hazina kufuli la kidijitali. Unaingia kwenye tovuti, unapakua faili za kusakinishia, na faili hizo ni zako kuzihifadhi. Huhitaji programu ya duka wala kuingia kwenye akaunti ndipo ucheze.

The Witcher 3 niliipata kwenye ofa kwa dola zisizofika 8. Inahitaji nafasi ya GB 50, na kwangu pale ploti ningemaliza muhula mzima nikiipakua. Rafiki yangu wa Milimani ana faiba. Nikaenda na diski ya nje, nikalala kwake. Faili zinakuja vipande vipande, kila kimoja hakizidi GB 4 hivi. Saa tisa usiku stima ikapotea. Iliporudi, vipande vilivyokwisha kushuka vilikuwa salama, nikarudia kile kimoja kilichokatika katikati. Asubuhi nikapanda matatu na diski kwenye soksi, ndani ya begi.

Mwezi wa Novemba diski ya laptopu ikafa. Fundi wa hapa Luanda akaniwekea diski ya SSD. Jioni hiyo hiyo nilichomeka diski ya nje, nikasakinisha gemu, na waifai ilikuwa imezimwa. Sikuomba ruhusa ya mtu, sikununua bando. Na ukijuta, wanakupa siku 30 za kuomba pesa zako hata kama umeshacheza.

Ubaya upo. Gemu nyingi mpya za kampuni kubwa hazifiki GOG kabisa, au zinachelewa miaka. Na wenzangu wanacheza mtandaoni pamoja kwa Steam, kwa hivyo mara nyingine nakuwa peke yangu.

Mdau wa Lurambi, Kakamega

Mimi sijanunua kitu tangu mwaka juzi. Epic, duka jingine la mtandaoni, wanatoa gemu ya bure kila Alhamisi, inabadilika saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, au saa moja Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma. Si lazima uipakue siku hiyo. Ingia, idai, iandikwe kwenye akaunti yako, bando utatafuta baadaye. Mei 2020 walitoa hata GTA V. Nyingi si za ladha yangu, nakiri, lakini nimekusanya za kunitosha.

Mdau wa Njoro

Mnaongelea bei ya gemu, lakini kwetu sisi tulio nje ya mji data ndiyo bei ya pili. Red Dead Redemption 2 inataka nafasi ya GB 150. Kwa kasi ya Mbps 10 bila kukatika, hizo ni saa 33. Ukitumia bando za simu, gemu ya ofa inakuwa ghali kuliko simu yenyewe.

Tulichofanya na binamu yangu ni hiki. Yeye anakaa Section 58, ana faiba, naye alikuwa ameinunua. Mimi nikanunua yangu Steam kwenye ofa ya Desemba. Nikaifunga CPU yangu kwenye leso mbili za mama, nikaipakata kwenye matatu kutoka Njoro, makanga akitaka niiweke kwenye buti na mimi nikakataa. Kwa binamu tukaziunganisha mashine zote kwenye ruta moja. Tangu 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya nyumba, bila kuipakua upya. Kila mtu lazima awe na leseni yake, lakini faili zinatoka kwa jirani. Kabla chakula cha mchana hakijaiva, ilikuwa imeingia.

Ila ilipofunguka, ikadai akaunti nyingine ya kampuni iliyoitengeneza, na programu yake nyingine. Hilo limeandikwa pembeni kwenye ukurasa wa duka, kwa herufi ndogo. Lisomeni kabla ya kulipa, hasa nyinyi mnaocheza bila intaneti.

Mwanzisha mada, Free Area, Nakuru

Asanteni. Nimesoma yote mara mbili, na jana nimeketi na kalamu.

Nilichokiona ni kwamba kila duka linauza kitu tofauti, ingawa gemu ni ile ile. Tangu Oktoba 2024 Steam yenyewe inaandika kwenye ukurasa wa kulipia kwamba unanunua leseni ya kutumia. Nimeridhika nayo kwa zile gemu za kucheza na watu, na ile ruhusa ya kurudisha ndani ya saa mbili ni kinga kubwa kwa mwenye laptopu dhaifu kama yangu. Lakini gemu ya kijana anayekuja likizo tu, nyumba ambayo stima na intaneti vinapotea bila taarifa, nataka iwe faili mkononi mwangu.

Misimbo sijaiacha kabisa. Humble Bundle wanauza, na wanapewa na kampuni zenyewe. Kabla ya kulipa popote sasa natazama IsThereAnyDeal, inaorodhesha maduka yaliyoidhinishwa na kuonyesha bei ya chini kabisa ambayo gemu imewahi kufika. Ile tovuti yangu ya 1,900 haimo humo. Ningalitazama mapema, ningaliona pia kwamba gemu ile ilikuwa imewahi kuuzwa dola 12 katika duka halali.

Nimenunua Stardew Valley GOG, kwa GlobalPay, CVV nikaiomba mwisho kama alivyosema wa Kondele. Ni ndogo, imeshuka wakati nikichemsha maziwa. Nimeiweka kwenye flashi, nikaandika jina la mpwa wangu kwa kalamu kwenye kifuniko. Agosti atakuja.

Swali langu limebaki moja: kuna mtu wa Kericho, Kisii au popote huku kwetu aliyelipia gemu kwa Airtel Money moja kwa moja? Shemeji yangu hana laini nyingine, na mtoto wake naye ameanza kuuliza.