Ramani ya ndani ya hospitali: vyumba vya juu vinapotea, na jengo la 3D halionekani kabisa

BintiChamwino

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, leo ni siku ya nne nimekwama.

Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye hospitali moja hapa Dodoma. Jengo letu la wagonjwa wa nje lina ghorofa tatu juu ya ile ya chini, na kila asubuhi nikipita mapokezi nakuta watu wameshika karatasi wanauliza njia. Wiki mbili zilizopita nilimkuta bibi mmoja amekaa kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya pili, amechoka, fomu ya kipimo cha damu iko mkononi. Aliambiwa "maabara, ghorofa ya kwanza". Yeye akaihesabu ile ya chini kuwa ndiyo ya kwanza, akaizunguka yote. Baadaye mtu akamwambia apande, akapanda mpaka akapitiliza. Nilimshika mkono tukashuka wote. Toka siku ile hii ramani nimeifanya kazi yangu hata baada ya saa za kazi.

Natumia ArcGIS Pro (programu ya kutengeneza ramani) na mpangilio wa data wa ArcGIS Indoors, ule wa ramani za ndani ya majengo. Michoro nilipewa ya DWG, yaani faili za AutoCAD. Mistari ya kuta ilikuwa haifungani, kwa hiyo vyumba nimevichora upya kimoja kimoja, na majedwali nikayajaza kwanza kwenye Excel ndipo nikayaingiza. Nimechapisha ArcGIS Online ramani ya 2D na mandhari ya 3D, nikaziunganisha kwenye Indoor Viewer, programu ya kuzitazama kwenye kivinjari. Kosa namba 00374, lile la leya (tabaka la ramani) kukosa namba za kipekee, lilinisumbua siku ya kwanza. Nikaruhusu namba hizo kwenye sifa za ramani, likaisha.

Sasa kitufe cha ghorofa kinatokea vizuri. Nikigusa ya chini, vyumba vyote vipo: mapokezi, dirisha la dawa, eksirei. Nikigusa ya 1, 2 au 3 nabaki na umbo la ghorofa tu, ndani patupu. Data ipo, kwenye Pro naiona kwa macho yangu.

Halafu jengo lenyewe halikai mahali pake. Kwenye picha ya setilaiti limeangukia juu ya maduka yaliyo ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini. Nimepima, ni kama mita 300.

Na mandhari ya 3D ndiyo imenivunja moyo. Inafunguka, ardhi naiona, barabara naziona, jengo hakuna. Hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Ijumaa natakiwa kumwonyesha mganga mfawidhi. Nimeambatisha picha za majedwali mawili, la ghorofa na la vyumba.

---

KodiNaChai

Pole dada. Nimezikuza picha zako. Angalia safu ya LEVEL_ID (kitambulisho cha ghorofa) kwenye jedwali la ghorofa: OPD.G, OPD.01, OPD.02, OPD.03. Sasa rudi kwenye jedwali la vyumba: OPD.G, OPD.1, OPD.2, OPD.3. Sifuri zimeliwa.

Bila shaka ulikuwa na safu ya namba peke yake, ukaiunganisha na "OPD." kwa fomula. Excel ikiona 01 inaisoma kama namba moja na kuiondoa sifuri. Ya chini imepona kwa sababu G ni herufi. Kichujio cha ghorofa hakikisii: kinachukua LEVEL_ID ya ghorofa uliyogusa, kinatafuta vyumba vyenye maandishi yale yale, herufi kwa herufi. Visipopatikana hakionyeshi kitu, na kwake hilo si kosa, ndiyo maana hukupata ujumbe wowote.

Rekebisha kwenye geodatabase yenyewe (hifadhi ya data ya ramani) kwa zana ya Calculate Field, usirudi Excel. Na usisahau milango na mistari ya kuta, hiyo leya ya Details nayo ina LEVEL_ID. Ukimaliza, pitia leya moja moja kwenye Pro uhakikishe kila inayopaswa kubadilika na ghorofa umeichagulia uga (safu) wake wa ghorofa. Leya usiyoichagulia itaonekana ghorofa zote kwa pamoja, utaona milango ya juu inaelea juu ya mapokezi.

Jambo jingine. VERTICAL_ORDER ya ghorofa ya chini umeandika 1. Inatakiwa iwe 0, inayofuata 1, na kama kuna stoo chini ya ardhi hiyo ni -1. Uga huo ni wa mashine kupanga ghorofa. Jina la kusomwa na watu linakaa NAME, na lile fupi la kwenye kitufe ni NAME_SHORT. Hapo ndipo utakapomsaidia yule bibi: andika kile kile kilichoandikwa kwenye lifti yenu. Lifti inasema nini?

---

BintiChamwino

Lifti inasema G, 1, 2, 3. Lakini ukutani kwenye ngazi kuna mtu alipaka rangi "GHOROFA YA 1" pale pale chini! Sikuwahi kuliona hili mpaka umeniuliza, nimeshuka sasa hivi kuangalia. Kumbe bibi hakukosea, alisoma ukuta.

---

MpimaMstaafu

Binti, nimefanya upimaji wa ardhi miaka mingi, hizo mita 300 nazifahamu kama jina langu. Mchoro wako una koodineti za Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, wewe umeutambulisha kama WGS 84, mfumo wa GPS. Ndivyo sivyo? Kwa Dodoma ukichanganya hizo mbili, jengo linaruka kama mita 300 kaskazini, na kama mita 80 au 90 hivi magharibi. Pima na upande wa magharibi uone.

Usilikokote jengo kwa mkono mpaka likae juu ya picha. Wengi hufanya hivyo, na wakiongeza jengo la pili hayakai sawa. Kwanza itambulishe data kwa mfumo wake wa kweli, Arc 1960 UTM kanda ya 36 kusini (UTM huigawa dunia kwa kanda), namba yake 21036. Kisha ndipo uihamishie WGS 84 kanda hiyo hiyo, 32736, na uchague badiliko la Arc 1960 kwenda WGS 1984. Hatua ya kwanza haisogezi kitu, inasema ukweli tu. Ya pili ndiyo inayosogeza. Na uwe mwangalifu na kanda: Dodoma mjini ni 36, lakini mpaka na 37 uko nyuzi 36 mashariki, hapo jirani tu. Nimeona mchoro wa Dodoma uliotambulishwa kanda ya 37 kwa mazoea ya Dar es Salaam.

Sasa jengo lililopotea. Nikuulize: sakafu yako ya chini umeipa kimo gani?

---

BintiChamwino

Shikamoo mzee. Nimepima, magharibi ni mita 86. Sakafu ya chini nimeipa sifuri, kama mchoro ulivyoandika, na inayofuata 3.6.

---

MpimaMstaafu

Marahaba. Basi jengo lako lipo, limezikwa. Sifuri ya mchoro ni sakafu ya fundi. Sifuri ya mandhari ni usawa wa bahari, na Dodoma tuko juu zaidi ya mita 1,100. Zima ile leya ya ardhi kwa muda, uangalie chini, utaliona limekaa huko peke yake.

Utashawishika kuchagua kimo kihesabiwe kutoka ardhini, kwa kuwa litaibuka mara moja. Ukifanya hivyo kila kona ya chumba itafuata ardhi iliyo chini yake. Kiwanja kikiwa na mteremko, sakafu zitainama na mteremko. Tumia kimo halisi. Tafuta ramani ya upimaji wa kiwanja chenu, bikoni (alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini) iliyo karibu na jengo ina kimo chake. Pima kutoka hapo mpaka kizingiti cha mlango mkuu, ukiongeze kwenye ghorofa zote. Kama utatumia GPS uulize kwanza inakupa kimo gani, maana kimo cha GPS kisichorekebishwa na kile cha usawa wa bahari hapa kwetu vinapishana kwa zaidi ya mita kumi. Ghorofa tatu nzima zinaweza kumezwa hapo.

---

Mama_Data_Moro

Dada hongera kwa moyo huo. Mimi nina mawili, na la pili ndilo lililonifanya niandike.

La kwanza, umewahi kufungua kiungo kwa simu ambayo haijaingia akaunti yako? Ukiifanya ramani iwe ya watu wote lakini leya zilizo ndani yake zikabaki za kwenu tu, mgeni ataombwa jina na nywila. Kila kipande kina ruhusa yake: leya, ramani, mandhari, programu.

La pili ni kwamba usichapishe kila chumba. Stoo ya dawa za kulevya, chumba cha seva, chumba cha hesabu, huyo mama anayetafuta maabara hana haja navyo, na mwenye haja navyo usimpe ramani. Na kuvizima kwenye ramani hakutoshi, kwa sababu leya ikiwa wazi mtu anaweza kuisoma moja kwa moja. Tengeneza mwonekano wa pili wa leya ile ile, uuwekee kichujio cha aina ya matumizi ya chumba, huo ndio uufungulie umma. Leya kamili ibaki ya mafundi na utawala.

---

BintiChamwino

Ndugu zangu, narudi na majibu. Leo ni Alhamisi usiku.

Sifuri zimerudi, vyumba 143 vya juu vimeonekana vyote. Jengo limekaa kwenye paa lake, nimelinganisha kona zote nne na picha ya setilaiti. Mzee, kuhusu kimo ulisema kweli tupu: nilizima ardhi, nikageuza kamera chini, nikaliona dogo mno huko chini kabisa. Jana mpima wa halmashauri alikuja na kifaa chake tukaanzia kwenye bikoni iliyo nyuma ya kichomea taka, majani yalikuwa yameifunika. Sasa kizingiti na barabara vinagusana kama inavyotakiwa.

Mama Data, ni kweli. Nilimpa nesi wa zamu kiungo, simu yake ikaomba nywila. Nimefungua ruhusa kwenye ule mwonekano tu, stoo na vyumba vile viwili havimo.

Ila kuna uamuzi nimeufanya baada ya kuketi mapokezi leo asubuhi na simu za watu. Mandhari ya 3D kwenye simu ndogo ilichukua muda mrefu kiasi kwamba kijana mmoja aliifunga na kwenda kuuliza dirishani. Na bando ni la kwake. Kwa hiyo wagonjwa watapata ramani ya 2D peke yake, na kwenye Details nimebakiza kuta, milango, ngazi na lifti. Samani na mistari ya vipimo nimeviondoa. 3D inakwenda kwa mafundi wa umeme na maji, wanaihitaji kweli kuona kipi kiko juu ya kipi.

Majina pia nimebadilisha. Mchoro uliandika "CONS. RM 4", watu wote wanakiita chumba cha daktari wa sukari. Nimezunguka na wahudumu wawili wa usafi, wao ndio wanaojua kila mlango unaitwaje, nikaandika walivyosema.

Na ule ukuta wa ngazi, fundi rangi anakuja kesho saa moja asubuhi, kabla ya mganga mfawidhi. Nimempa karatasi yenye maneno ya kuandika: CHINI (G).