Mliofunga LED kwenye taa za halojeni, nani kawaambia ni halali?

Wakuu leo nasema kila kitu maana nimechoka na hizi balbu za LED (za chipu) mnazochomeka kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za halojeni (zile za kawaida za uzi). Juzi usiku natoka Nzega narudi Tabora, nakaribia Isikizya ikaja Noah na taa nyeupee mpaka inaelekea bluu, nikampigia fulu mara mbili ashushe, kumbe kashashusha! Ndo taa yake ya chini hiyo. Sioni lami, sioni majani pembeni, nikakanyaga breki nikawa natambaa tu, ile kanipita nakuta mzee anasukuma baiskeli ya mkaa hatua kama nne mbele ya bampa yangu. Mkono unatetemeka mpaka nafika Ipuli.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kwahiyo msiniambie sijui LED. Balbu ya halojeni aina ya H4 ina nyuzi mbili, ya juu wati 60 ya chini 55, na chini ya ule uzi wa taa ya chini kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande juu. Ile sahani inayong'aa ndani ya taa imepigiwa hesabu na mahali uzi ulipo, sasa wewe unachomeka kidude chenye chipu kubwa, zimekaa sivyo, mwanga unaruka kila upande. Siku moja nilisimamisha gari ya mteja mbele ya ukuta wa gereji, halojeni ikakata mstari safi kabisa, tulivyoweka LED mwanga ukapanda mpaka kwenye mabati.

Asubuhi yake nikaenda duka moja la spea hapa mjini, muuzaji ananiambia "hii halali fundi, cheki boksi lina alama ya E". Nikasoma hiyo alama ya kibali, ni ya Kanuni namba 10 ya Umoja wa Mataifa! Kaka hiyo inahusu umeme usiingilie redio na vifaa vingine vya gari, haihusu mwanga hata kidogo!! Na ndo maneno hayohayo wanawaambia watu wasiojua, wanalipa hela yao halali wanaondoka na kitu cha kuua wenzao.

Uingereza tangu 2021 gari iliyoanza kutumika Aprili 1986 au baadaye, yenye taa ya halojeni, ikikutwa na balbu ya LED inafeli ukaguzi wa mwaka. Ujerumani wameruhusu baadhi, lakini kila balbu ina orodha ya magari iliyopimwa nayo, gari yako haimo basi usifunge. Sio kila kitu kinachoingia kwenye tundu ni cha kufunga.

Huku kwetu trafiki wanasimamisha mchana, speed, mtungi wa kuzimia moto, tairi, unalipa 30,000 yako unaenda. Taa zitapimwaje saa sita mchana? Wasimame usiku na wenyewe wamulikwe!

Na nyie mafundi wenzangu mnaofunga ili tu mteja asiende kwa jirani, mnajua kabisa mnachofanya. Jana nimemrudisha jamaa wa Probox kaja na boksi lake la LED, kakasirika kaenda gereji ya pili, jioni nimemuona anapita zinawaka.