Naomba ushauri: afya bora na pato la kila mtu

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninaandika tasnifu kuhusu maradhi na maendeleo ya uchumi ya muda mrefu, nami nimekwama kati ya tafiti mbili za mwaka 2007. Wachumi Acemoglu na Johnson, wakilinganisha nchi na nchi, walionyesha kwamba dawa na mbinu mpya zilizoenea duniani tangu miaka ya 1940, penisilini na DDT (sumu ya kuua wadudu kama mbu) zikiwemo, zilirefusha maisha na kuongeza idadi ya watu, lakini hawakuona ushahidi kuwa pato la kila mtu lilipanda kwa sababu hiyo. Mchumi Bleakley naye, akichunguza kampeni dhidi ya minyoo ya safura kusini mwa Marekani iliyoanza mwaka 1910, aliona watoto wakihudhuria shule zaidi na, walipokua, wakipata kipato kikubwa zaidi.

Nimejaribu kuzipatanisha kwa kutenganisha maradhi yanayoua na yale yanayodhoofisha (safura huua wachache, ila humnyonya mtoto damu na kumchosha), lakini malaria hufanya yote mawili na kuuvuruga mgawanyo wangu.

Je, ni sahihi kuweka matokeo ya nchi nzima na ya mtu mmoja mmoja katika hoja moja? Na kama si sahihi, nianze na lipi?