Hita ya pikapu haitoi joto, baridi ya Njombe inanimaliza

Wakuu, naomba ushauri. Nina pikapu ya dizeli ya mwaka 1996, nipo Njombe, na mwezi huu wa saba asubuhi naendesha na koti na kofia ya sufu. Feni ya hita inavuma vizuri, ila hewa ni vuguvugu, na nikishuka mteremko mrefu inakuwa baridi kabisa.

Maji ya rejeta yamejaa. Mipira miwili ya hita nimeishika injini ikiwa ya moto: mmoja unachoma mkono, wa pili vuguvugu tu. Nikahisi rejeta ndogo ya hita imeziba kwa kutu, maana aliyeniuzia alikuwa anaweka maji ya bomba matupu. Nilipoyamwaga yalikuwa mekundu kama chai ya rangi.

Lakini fundi kaniambia themostati (kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto) ilishang'olewa zamani (mafundi wetu na themostati!), na kweli mshale wa temperecha haufiki hata robo.

Sasa nianze na lipi: nirudishe themostati ya nyuzi 82, au niflashi hita kwanza, yaani niisafishe kwa kusukuma maji ndani yake? Na presha ya maji haitapasua vimirija vya zamani hivi? Dashibodi sitaki kabisa kuifungua ili kuitoa hita.